Fenobabitoni Ikiisha, Daftari Huandika "Kuungua"

Kopo la fenobabitoni, dawa ya kifafa, huwa na vidonge 1,000. Ni kopo jeupe la plastiki, mfuniko wa kuzungusha, na ndani vimejaa vidonge vidogo vya miligramu 30 ambavyo ukivishikashika vinakuachia unga kidoleni. Mdogo wangu anameza vitatu kila usiku. Kopo moja lingempeleka yeye peke yake karibu mwaka mzima. Sasa ligawe kopo hilo kwa watu wote wa kliniki ya kifafa katika kituo kimoja cha afya cha kijijini, ambako kuna anayemeza viwili na kuna anayemeza vinne, halafu utaelewa kwa nini linafunguliwa siku ya kliniki na kliniki inayofuata inalikuta limebaki vumbi.

Dawa za aina nyingine zikikosekana, taarifa ya habari inatuonyesha mashelfu matupu na foleni ya watu waliokasirika. Upungufu wa dawa ya kifafa hauna foleni. Mgonjwa anaambiwa haipo, anaitikia, anarudi nyumbani mzima kabisa kwa miguu yake. Balaa linampata baadaye, mbali na kituo: jikoni, kisimani, mtoni, juu ya mwembe. Akiletwa, daftari linaandika kinachoonekana kwa macho. Ameungua. Amevunjika mkono. Akiwa hakuletwa, wanaandika watu wa msiba. Mahali pa kuandika kwamba dawa haikuwepo hapapo.

Kwetu ni Ulanga, milima ya Mahenge, mkoani Morogoro. Watu wanaosomea kifafa duniani wanaijua Mahenge kuliko wanavyoijua miji mingi mikubwa ya nchi hii. Karibu na mwaka 1960 daktari kijana mwenye asili ya Norwei, Louise Jilek-Aall, alifika kwa Wapogoro akakuta familia nyingi mno zenye mtu anayeanguka. Wengine walikuwa wamefichwa vibandani, wengine wana makovu ya moto mwili mzima, kwa sababu mtu akianguka kwenye mafiga watu waliogopa kumgusa, mate yake yasije yakawaambukiza. Akaanzisha kliniki, na dawa aliyokuwa nayo ilikuwa hiyo hiyo, fenobabitoni. Dawa yenyewe ni ya zamani kuliko bibi yangu: kampuni ya Bayer ilianza kuiuza mwaka 1912, wakati Wajerumani wenyewe wamekaa kwenye boma lao hapo Mahenge. Zaidi ya miaka mia imepita, haina hatimiliki ya mtu, kiwanda chochote chenye uwezo kinaruhusiwa kuitengeneza. Shirika la Afya Duniani linasema mgonjwa mmoja anaweza kutibiwa mwaka mzima kwa dawa za kama dola 5 za Marekani. Hiyo ni takriban shilingi 13,000. Nauli ya kuifuata inazidi hapo.

Mimi ni mwalimu, naishi Morogoro mjini. Mdogo wangu ni fundi cherehani kijijini. Anashona sare za shule, suruali, na mashati ya vitenge ya harusi, na nguo zake hazifumuki. Alianza kuanguka akiwa darasa la tano. Tangu alipoanzishiwa dawa kwa utaratibu, alikaa miaka bila kuanguka hata mara moja, akaoa, akapata watoto, na watu wapya kijijini hawakujua kabisa kama ana ugonjwa. Hapo ndipo dawa hii inapokutendea wema na kukupumbaza kwa wakati mmoja. Ikifanya kazi vizuri, kila mtu anasahau kwamba ipo.

Upungufu ninaousimulia ulianza masika, na ulianza kwa upole sana. Badala ya dawa za mwezi, wakapewa za wiki mbili. Nesi wa kliniki, mama mtu mzima ambaye wagonjwa wote wanamwita Mama, aliwaeleza waziwazi: "Nawapunguzia wanangu ili kila mtu aondoke na chochote. Mzigo haujaja." Baadaye zikawa za wiki moja. Kupunguza huko ni huruma, lakini kuna mtu anatoka kijiji cha bondeni, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inamla hela ya mboga ya wiki nzima. Ukimwambia aje kila wiki, umemwambia asije. Wengi hawakuja. Kwenye kadi zao pakaandikwa kwamba wameacha kliniki.

Kisha ikafika siku ya "haipo, kanunue nje". Mtanzania yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali anayajua maneno hayo. Mjini, nje ni ng'ambo ya barabara, famasi tatu zimepangana. Kwetu, nje ni Ifakara, kuvuka Mto Kilombero. Tunashukuru tangu daraja lizinduliwe 2018 hatusubiri tena pantoni, ila barabara ya kupanda Mahenge wakati wa mvua ina mambo yake, na duka la dawa muhimu la kijijini halikuwa na fenobabitoni. Muuzaji aliniambia kwa simu, bila hata kuombwa maelezo, "Hiyo dada siiweki. Wanunuzi wake hawana hela, na wakaguzi wakija ndiyo wanaanza nayo."

Ngoja nieleze kilichotokea nyumbani, kwa sababu humo ndimo upungufu huu unamojificha. Fenobabitoni haitoki mwilini haraka. Kwa mtu mzima, nusu ya dawa iliyomo kwenye damu inachukua kama siku tatu au nne kuondoka, halafu nusu ya iliyobaki siku nyingine kama hizo, inashuka hivyo hivyo kidogo kidogo. Ukikosa kidonge leo, huanguki leo. Tena dawa hii inaleta usingizi na uzito wa kichwa, hivyo anayeikosa siku za mwanzo anajisikia mwepesi kuliko kawaida. Anaamka mapema. Anakumbuka mambo. Mdogo wangu alinipigia simu jioni moja ana furaha ambayo sijaisikia kwake tangu arusi yake. "Dada, mimi naona huenda nimepona. Sina dawa wiki hii yote na kichwa kimefunguka. Leo nimemaliza sare za watu wanne."

Nilimwambia asidanganyike, akanijibu kwa heshima zake zote kwamba amenisikia. Kumbe mkewe naye alishaanza kuamini. Mchungaji alikuwa ameombea nyumba ile, mganga wa kijiji cha jirani alikuwa ameleta mizizi, na kila mmoja wao alifika katika zile siku nzuri. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema wagonjwa wa kijijini wanakimbilia kwa waganga kwa ujinga. Mganga haishiwi. Ukienda kwake siku yoyote, saa yoyote, anacho cha kukupa, anakupa kiti, anakusikiliza mpaka mwisho. Ukienda kituoni unaambiwa maneno matatu. Mtu mwenye akili timamu atafanya nini?

Alianguka asubuhi, mbele ya wateja, mkononi ana pasi ya mkaa.

Wanaoijua pasi ya mkaa wanajua uzito wake, na wanajua kwamba mfuniko ukifunguka makaa yanamwagika. Yalimmwagikia mkono wa kulia kuanzia kiwiko kushuka, na pasi yenyewe ikakaa juu ya kiganja mpaka mteja mmoja, mwanafunzi aliyekuja kuchukua sketi, alipoipiga teke. Watu wazima watatu walikuwa pale. Aliyesogea ni mtoto. Sijui niwalaumu vipi wale wengine. Hofu ya mate ya mtu anayeanguka wameikuta, na hakuna aliyewahi kukaa nao akawaeleza kwamba kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kugusana.

Wakampeleka kituoni, kile kile. Wakamsafisha vizuri, wakamfunga kidonda, wakampa antibayotiki na dawa ya maumivu. Nilipofika keshokutwa yake niliomba kuona alivyoandikwa kwenye daftari la MTUHA, lile la takwimu za wagonjwa wa kituo. Ameandikwa ameungua. Ni kweli, ameungua. Ukijumlisha daftari lile mwisho wa mwezi, ukalipeleka wilayani, kisha mkoani, kisha Dodoma, utapata idadi ya watu walioungua, na huenda mtu akashauri wananchi waelimishwe kuhusu usalama wa moto jikoni.

Usiku ule, akiwa bado kituoni, alianguka tena, na tena kabla hajazinduka vizuri. Hii ndiyo hali wanayoiogopa madaktari kuliko zote: degedege linalozidi dakika tano, au linalofuatana bila mtu kurudiwa na fahamu katikati. Wakati huo hakuna la kusubiri, inatakiwa dawa ya kulikata, kwa kawaida dayazepamu, kwa sindano au kwa njia ya haja kubwa, na ikichelewa mtu anaweza kufa au kubaki na ubongo ulioharibika. Bahati yake ilikuwa kidonda. Angekuwa nyumbani kama si ule mkono. Dayazepamu ilikuwepo, mhudumu wa zamu hakuwa amelala, akapona.

Mwaka 1992 Jilek-Aall na Dk. Rwiza wa hapa nchini walichapisha habari za wagonjwa 164 waliotibiwa kwenye kliniki ile ya Mahenge miaka ya 1960, waliofuatiliwa miaka 30 baadaye. Kati yao 110 walikuwa wamefariki. Zaidi ya nusu ya vifo vilivyojulikana sababu vilitokana na kifafa chenyewe: degedege lisilokatika, kuzama majini, kuungua, kufia kwenye tukio la kuanguka. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni historia. Baada ya ile pasi naisoma kama orodha ya majirani. Wale walibahatika kuwa na mtu aliyerudi kuuliza kila mmoja alikufaje. Wetu wa leo, nani atarudi kuwauliza?

Kuna jambo moja la kwetu ambalo kila nikilifikiria linanitia hasira kidogo. Mahenge ina usubi, ule ugonjwa unaoletwa na inzi weusi wadogo wa mitoni, na watafiti wamekuwa wakihusisha wingi wa kifafa cha huku na minyoo ya usubi. Dawa ya usubi, ivamektini, inakuja. Kampuni ya Merck ya Marekani iliahidi mwaka 1987 kuitoa bure kwa muda wote itakapohitajika, na kwetu imegawiwa kwa zaidi ya miaka 20. Mgawa dawa anafika mpaka kitongoji cha mwisho na fimbo yake ya kupimia urefu. Watu wanasimama wamenyooka kwenye fimbo, mtoto anainuka kwa vidole aonekane mrefu, unahesabiwa vidonge kulingana na ulipofika, unameza pale pale mbele yake, jina linaandikwa. Nimeiona kazi hiyo na ni nzuri. Sasa, mgawa dawa yule yule anapita kwenye nyumba ya mtu ambaye tayari ana kifafa, anamgawia ivamektini ya kumkinga na minyoo, anaandika jina, anaondoka. Vidonge vya kumzuia asiangukie motoni havimo kwenye mkoba.

Si kosa la mgawa dawa. Kinachofika kijijini bila kukosa ni kile chenye mwenyewe. Dawa za virusi vya ukimwi, za kifua kikuu na za malaria zina programu zake maalumu na wafadhili wake wakubwa, na kwa miaka mingi dirisha lao pale kituoni halikuishiwa hata pale dirisha letu lilipofungwa. Nao Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, walionja hofu tuliyoizoea sisi, na sikuifurahia hata chembe. Kifafa hakina mfadhili wa namna hiyo. Kinategemea oda ya kituo na mfuko wa kituo.

Mfuko wenyewe unafanya kazi hivi. Kituo kinaagiza Bohari ya Dawa, ile ya serikali. Bohari ikiwa haina, inatoa uthibitisho kwamba haina, na kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa kwa mkoa. Kwenye karatasi mfumo umekaa vizuri, na kwa dawa nyingi unasaidia kweli. Lakini mshitiri analipwa fedha taslimu za kituo, na fedha hizo zinatokana na wagonjwa wanaolipa papo kwa papo na bima za afya. Pale kwetu dawa ya kifafa hutolewa bila malipo. Dawa isiyoingiza senti haijinunui tena. Kamati inapokaa na hela ya kununua vitu sita kati ya kumi na tano, inachagua antibayotiki, dawa za presha, glavu, vya kuwahudumia wajawazito. Ningekuwa kwenye kiti chao na kalamu yao, sijui kama ningechagua tofauti, na mdogo wangu ni mgonjwa.

Juu ya hapo kuna vibali. Fenobabitoni imo kwenye Jedwali la Nne la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, kwa sababu ni ya jamii ya dawa za usingizi ambazo watu walikuwa wakizitumia vibaya. Nchi nyingi hudai kibali cha kuiingiza, mzigo kwa mzigo. Mfanyabiashara anayeagiza parasetamo anaagiza tu. Anayeagiza fenobabitoni anajaza fomu, anasubiri, anaitunza kwenye kabati la kufuli, anaandika kila kidonge kilikokwenda, halafu faida anayopata kwenye kopo ni ya kununulia vocha. Dawa ingekuwa ghali, karatasi hizo zote zingemlipa. Dawa za namna hii zinakosekana kwa urahisi kwa sababu ni rahisi. Penisilini ya benzathini, ile sindano ya kila wiki tatu au nne ya wagonjwa wa moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, imeadimika duniani kwa sababu hizo hizo: ya zamani, ya bei ya chini, watengenezaji wa malighafi yake wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Uviko ulituongezea. Shirika la Afya Duniani liliuliza nchi 130 mwaka 2020, na karibu theluthi moja zilisema upatikanaji wa dawa za magonjwa ya akili na ya mishipa ya fahamu umevurugika. Sisi tulisoma habari hiyo tukacheka kicheko kikavu, maana kwetu ulikuwa umevurugika tangu hapo.

Basi, dawa niliitafuta Morogoro mjini. Famasi ya kwanza hawakuwa nayo. Ya pili walikuwa nayo, na kijana wa dirishani akanyoosha mkono: "Cheti, dada." Nikamwonyesha picha ya cheti kwenye WhatsApp, imepigwa Mahenge juu ya meza ya kushonea, pembeni inaonekana tepu ya kupimia. Akatikisa kichwa. "Hii ni ya kudhibitiwa. Nataka karatasi yenyewe, ina muhuri wa kituo, tarehe, na sahihi ya daktari. Ninaielewa shida yako ila leseni ni ya bosi." Alikuwa na haki, na nilimchukia kwa dakika kumi hivi. Karatasi ikaja kwa basi kesho yake, imekunjwa ndani ya bahasha ya kaki, kondakta akaniambia nimtunzie bahasha imrudie mwenyewe. Vidonge vikarudi kwa basi hilo hilo. Tangu siku hiyo kondakta yule ni mtu muhimu katika ukoo wetu, na mke wa mdogo wangu humpelekea ndizi stendi bila kukosa.

Habari zilipoenea kwamba dada wa fundi anapata dawa, simu zikaanza. "Shikamoo mwalimu, mimi ni mama yake fulani, tulikuwa tunakaa benchi moja kliniki." Kila mmoja anataka nusu mwezi tu, nusu mwezi tu. Mdogo wangu alikuwa anagawa kabla hata sijajua. Alimpa kijana mmoja mvuvi wa kule Kilombero vidonge vya siku kumi kutoka kwenye vyake. Nilimgombeza kwenye simu. Akanijibu, "Dada, huyu anaingia majini kila siku. Mimi nina cherehani." Nikakosa la kusema. Hesabu yake haimo kwenye mwongozo wowote wa tiba lakini iliniingia.

Wengine walibadilishiwa dawa, na hapa niseme jambo kwa yeyote anayesoma akiwa katika hali hii. Kituo kikiwa na kabamazepini wakati fenobabitoni hakuna, kubadilisha kunawezekana, lakini hakufanywi kwa kuacha hii leo na kumeza ile kesho kwa kadirio la kichwa. Daktari huipandisha mpya taratibu huku ya zamani, kama imebaki yoyote, ikishushwa taratibu. Kwa hiyo nendeni vidonge vikiwa bado vipo, msisubiri bahasha iwe tupu. Ukitokwa na vipele baada ya kuanza kabamazepini, rudi mara moja, usisubiri siku ya kliniki. Kwa wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba ni vigumu zaidi: sodiamu valproeti ni dawa nzuri ya degedege lakini inaweza kumdhuru sana mtoto tumboni, na Shirika la Afya Duniani limeshaonya wasiandikiwe. Fenobabitoni na kabamazepini nazo zinapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi, jambo ambalo nimegundua wanawake wengi wa kliniki yetu hawajawahi kuambiwa. Binti mmoja alibadilishiwa dawa wakati wa upungufu, akiwa na kipandikizi mkononi, na hakuna aliyemuuliza.

Na mtu akianguka mbele yako: mlaze ubavu, ondoa moto na vitu vyenye ncha, angalia saa. Usimtie kijiko mdomoni. Usimzuie kwa nguvu. Ikizidi dakika tano, ita usafiri.

Aliyefanya kazi kubwa kuliko sisi wote ni yule nesi. Wakati wa upungufu alinunua daftari la kurasa 96 kwa hela yake, akaandika kila mgonjwa wa kifafa, kijiji, namba ya simu ya jirani, na dozi. Siku hizi akipigiwa simu kwamba mtu wake ameanguka, anaandika tarehe, na pembeni anaandika swali moja na jibu lake: alikuwa na dawa siku 14 zilizopita? Siku 14 alizipata kwa akili yake, kwa kuangalia jinsi dawa inavyoisha mwilini na watu wanavyokuja. Nilimwomba aniruhusu kupiga picha ukurasa mmoja, akakataa, kuna majina. Akanisomea tu. Kuungua, hapana. Kuvunjika bega, hapana. Ametumbukia kisimani na kuokolewa, hapana. Ameanguka kanisani, ndiyo, alikuwa nayo ila alikuwa anakunywa pombe.

Daftari lile alilipeleka kwenye kikao cha kamati ya kituo. Mdogo wangu alikwenda kama mwakilishi wa wagonjwa, amevaa shati alilolishona mwenyewe kwa mkono uliokuwa bado haufungi ngumi vizuri. Mwenyekiti alianza kwa kusema dawa ni tatizo la nchi nzima. Nesi akamwambia, "Mwenyekiti, naomba nisome," akasoma tangu ukurasa wa kwanza, bila kupandisha sauti, mpaka mjumbe mmoja akauliza kidonda cha moto kimoja kinakigharimu kituo kiasi gani kwa dawa, bandeji na antibayotiki. Mfamasia akapiga hesabu hapo hapo nyuma ya ajenda. Kumhudumia mtu mmoja aliyeungua vile kulizidi bei ya kopo zima. Kikao kikakubali kwamba fenobabitoni inunuliwe kwa mshitiri kila Bohari inapokosa, kabla ya vitu vingine vitano ambavyo nesi na mfamasia walivitaja, na kwamba oda iandikwe kopo likifika nusu, si likiisha.

Makopo mawili yalikuja. La kwanza limekwisha, la pili limefika nusu, oda imeandikwa na kupelekwa, na Bohari imejibu kwamba kwa sasa haina. Mshitiri anasema anasubiri kibali. Nesi amerudi kutoa dawa za wiki mbili.